Bibi Aisha, Shangazi wa Wanavyuoni

Wengi wetu tunapomtaja Bibi Aisha bint Abi Bakr (r.a.) humtaja kwa kuwa ni mke wa Mtume (s.a.w.) na Mama wa Waumini, na sharafu hiyo peke yake yamtosha. Lakini liko jambo jingine katika maisha yake ambalo wasimulizi hulipita mbio, nalo ni kuwa alikuwa shangazi na mama mdogo. Mtume (s.a.w.) alifariki mwaka 11 Hijria (632), na Bibi Aisha akaishi baada yake kiasi cha miaka 47, wala hakuwa na mtoto wa kumzaa. Miaka hiyo makao yake yalikuwa ni kile chumba chake kilichopakana na msikiti wa Madina. Wanaume wageni waliokuja kumuuliza dini walimsikiliza kutoka nyuma ya pazia. Walioingia ndani bila ya pazia ni watoto wa ndugu zake, maharimu wake, na sehemu kubwa ya elimu tunayoisoma leo katika vyuo vyetu ilipita kwa watoto hao.

Mapenzi yake kwao yalianza mapema. Waarabu huitana kwa majina ya watoto wao, naye akaona kuwa wanawake wenzake wote wana majina ya namna hiyo ila yeye. Akamweleza Mtume (s.a.w.), naye akamwambia ajiite kwa jina la Abdullahi, mwana wa dada yake Bibi Asmaa na Zubeir bin Awwam, ambaye alizaliwa Madina mwaka wa kwanza wa Hijra (622). Tangu hapo akawa ni Ummu Abdillahi. Sisi watu wa pwani hatuoni ajabu katika hili, kwani kwetu mwana wa dada ni mwana, na mama mdogo ni mama.

Kisha ikaja miaka ya fitina. Mwaka 36 Hijria (656) Bibi Aisha alitoka kwenda Basra kutaka waliomwua Sayyidna Uthman waadhibiwe, vikatokea Vita vya Ngamia. Abdullahi, mwana wa dada yake, alikuwa upande wake, na ndugu yake Muhammad bin Abi Bakr alikuwa upande wa Sayyidna Ali. Baada ya vita Sayyidna Ali alimrudisha kwa heshima kamili, na majuto ya safari ile hayakumtoka Bibi Aisha mpaka kufa kwake. Maulamaa wetu wametuusia tuzizuie ndimi zetu katika yaliyopita baina ya Masahaba, nami nausia hivyo hivyo. Lililo muhimu hapa ni kuwa mwaka 38 Hijria (658) huyo nduguye Muhammad aliuawa Misri, akaacha mayatima. Bibi Aisha akawachukua, wavulana kwa wasichana, akawalea mwenyewe.

Mmoja wao alikuwa Qasim, na ni yeye aliyetuhifadhia habari za malezi yale. Amesimulia kuwa jioni ya siku ya Arafa shangazi yao alikuwa akiwanyoa nywele, akiwatengeneza, kisha akiwapeleka msikitini. Na asubuhi yake akiwachinjia. Mambo madogo haya, ndugu msomaji, lakini mtu mzima aliyekuwa mwanachuoni mkubwa wa mji wake hakuyasahau. Amesimulia pia kuwa alikuwa akizitolea zaka mali zao wao mayatima, na kwamba mali hizo hakuziacha zilale, bali alikuwa akiwapa wafanya biashara wazifanyie kazi zizidi. Na mabinti wa nduguye waliokuwa katika ulezi wake walikuwa na mapambo ya kuvaa, naye hakuyatolea zaka mapambo hayo. Imam Malik ameyapokea yote haya katika Muwatta. Basi mwanafunzi akisoma katika fikihi ya Shafii kuwa mali ya yatima hutolewa zaka, na mapambo ya halali ya kuvaliwa hayatolewi, na ajue kuwa miongoni mwa hoja zake ni vile alivyokuwa shangazi mmoja akiendesha nyumba yake. (Mahanafi wana kauli nyingine katika mas-ala yote mawili, na wana hoja zao.)

Wa pili ni Urwa bin Zubeir, mdogo wake Abdullahi. Huyu hakuwa akikubali jambo mpaka aulize, na mama yake mdogo hakuwa akimwonea haya kumkosoa. Siku moja aliisoma Aya ya Safa na Marwa akafahamu kuwa asiyekwenda baina ya vilima hivyo hana kosa. Akamwambia wazi kuwa amefahamu vibaya, kisha akampa sababu ya kushuka kwake: Ansari, kabla ya Uislamu, walikuwa wakihirimia kwa ajili ya sanamu Manata, na waliposilimu wakaona uzito kwenda baina ya Safa na Marwa, ndipo Aya ikateremka kuwaondolea uzito huo. Hivyo ndivyo alivyofundisha, hakutosheka na mtoto kuhifadhi maneno. Urwa alistaajabu vile vile kwa ujuzi wake wa mashairi, na zaidi kwa ujuzi wake wa utabibu. Alipomuuliza ameupata wapi, alimweleza kuwa Mtume (s.a.w.) alipokuwa akiugua mwisho wa umri wake, wajumbe wa Waarabu walikuwa wakija na kumwelezea dawa, naye ndiye aliyekuwa akizitengeneza.

Ziko habari moja ninazozipenda khasa, nazo zimo katika Bukhari na Muslim. Urwa na Mujahid waliingia msikitini wakamkuta Abdullahi bin Umar amekaa karibu na chumba cha Bibi Aisha. Wakamuuliza Mtume (s.a.w.) alifanya umra ngapi. Akajibu kuwa ni nne, na mojawapo ilikuwa katika Rajabu. Mara wakasikia, kutoka ndani, sauti ya mswaki. Bibi Aisha alikuwa akipiga mswaki. Urwa hakumjibu Ibn Umar. Alimwita mama yake mdogo, akamuuliza kama ameyasikia yaliyosemwa. Bibi Aisha akamwombea Ibn Umar rehema, kisha akasema kuwa katika kila umra ya Mtume (s.a.w.) Ibn Umar alikuwapo, na kwamba Mtume hakufanya umra katika Rajabu hata mara moja. Ibn Umar, sahaba mkubwa na mwana wa Khalifa, alisikia yote hayo akanyamaza, asirudishe neno.

Na hiyo si mara moja. Walipodai watu kuwa mwanamke akipita mbele ya mwenye kusali huikata sala yake kama mbwa na punda, alikataa kufananishwa na wanyama, akawapa hoja kuwa yeye alikuwa akilala mbele ya Mtume (s.a.w.) naye yumo katika sala. Imam Zarkashi, aliyefariki mwaka 794 Hijria (1392), alikusanya kitabu kizima cha masahihisho yake kwa Masahaba. Wako wanaosema kuwa elimu ya mwanamke mwisho wake ni kujua tohara na kupika. Sijui watu hao wanasoma vitabu gani, maana vyetu vimejaa hadithi za bibi huyu, nazo ni 2,210 kwa hisabu ya wanavyuoni.

Wasichana nao hawakuachwa. Aisha bint Talha, binti wa dada yake Ummu Kulthum, alikuwa akikaa naye. Watu wa miji ya mbali wakimwandikia binti huyo barua na kumpelekea zawadi kwa ajili ya cheo cha mama yake mdogo. Bibi Aisha akimwamrisha aijibu kila barua na airudishie kila zawadi mfano wake.

Huyo Abdullahi aliyempa jina ndiye pia aliyemuudhi kupita wote. Bibi Aisha alikuwa hawezi kukaa na mali. Aliwahi kupelekewa mifuko miwili ya fedha, kiasi cha dirhamu 100,000, naye amefunga. Akakaa akaigawa yote, na jua lilipokuchwa akafungua kwa mkate na mafuta. Mtumishi wake akamwambia kuwa angeweza kubakisha dirhamu moja ya nyama. Akajibu kuwa lau angemkumbusha angefanya. Basi Abdullahi akasema kuwa itabidi azuiliwe kutumia mali yake, kama anavyozuiliwa safihi. Lilipomfikia neno hilo, Bibi Aisha aliweka nadhiri kuwa hatasema naye tena kabisa. Akatuma waombezi, akakataa. Muda ukawa mrefu. Mwisho Abdullahi akawaendea Miswar bin Makhrama na Abdurrahman bin Aswad, wakamfunika kwa shuka zao na kumpeleka mlangoni. Wakabisha hodi, wakauliza kama waingie wote. Akawaambia waingie wote, hajui kuwa naye yumo. Akalipita pazia, akamkumbatia mama yake mdogo huku akilia na kumwomba, na wale wawili nje wakimkumbusha makatazo ya Mtume (s.a.w.) ya kuhamana zaidi ya siku tatu. Naye akalia, akiwaambia kuwa nadhiri ni jambo zito. Mwisho alisema naye. Kwa nadhiri ile akawaacha huru watumwa 40, na kila alipoikumbuka alilia mpaka ushungi wake ukalowa.

Urwa na Qasim wote wawili wamo katika Mafakihi Saba wa Madina. Urwa alisema kuwa, miaka minne au mitano kabla ya kufa kwake Bibi Aisha, alikwisha kuona kuwa hapana hadithi aliyonayo ambayo yeye hajaihifadhi. Na Khalifa Umar bin Abdulaziz (99–101 Hijria, 717–720) alipomwandikia Abu Bakr bin Hazm wa Madina akusanye hadithi zisije zikapotea, alimtajia khasa elimu ya Qasim na ya Bibi Amra bint Abdirrahman. Amra alilelewa na Bibi Aisha. Na kwa Ibn Hazm alikuwa ni dada ya mama yake.

Bibi Aisha alifariki usiku wa kuamkia 17 Ramadhani mwaka 58 Hijria (678). Alikuwa amemwusia Abdullahi bin Zubeir asizikwe chumbani pamoja na Mtume (s.a.w.) na masahaba zake wawili, bali azikwe Baqii pamoja na wake wenzake. Abu Huraira akamsalia, akazikwa usiku ule ule. Walioshuka kaburini kumlaza ni watu watano: Abdullahi na Urwa wana wa Zubeir, Qasim na Abdullahi wana wa Muhammad bin Abi Bakr, na Abdullahi mwana wa Abdurrahman bin Abi Bakr.