Gaspard Monge: mtoto wa mchuuzi mwenye alihesabu bei ya kubeba udongo

Kila siku ya kazi sisi tunahamisha udongo. Tunautosha hapa, tunauweka kule. Mwenye kuendesha kamyo, mwenye kubeba gunia mgongoni, mwenye kujaza galeri ya zamani ili isianguke, wote wanafanya kazi ileile. Lakini ni wachache kati yetu wenye wanajua kama, zaidi ya miaka 200 iliyopita, mtu mmoja alikaa na karatasi akatafuta namna ya kuhamisha udongo kwa njia fupi kupita zote. Mtu ule aliitwa Gaspard Monge, Mfaransa, mwalimu wa jeometri. Leo sisi wa sendika tunawaeleza maisha yake, juu ndani yake kuko mambo mengi yenye yanatugusa sisi na watoto wetu.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1746 katika mji mdogo wa Beaune, upande wa Bourgogne, inchi ya mizabibu. Baba yake, Jacques Monge, alikuwa mchuuzi, mtu wa kutembeza vitu na kuuza. Haikukuwa jamaa ya feza. Lakini ule baba alishika neno moja: watoto wake watasoma. Aliwaweka katika masomo ya mapadri wa Oratoire pale Beaune. Vijana wake watatu, Gaspard, Louis na Jean, wote wakatoka walimu wa hesabu. Wazazi wenye kusoma habari hii wasiipite mbio.

Gaspard alikuwa na akili ya kichwa na tena akili ya mikono. Mapadri walimtuma Lyon kuendelea na masomo, na akiwa bado kijana sana wakampa kazi ya kufundisha fizikia. Aliporudi Beaune, alichora plani ya mji wote, nyumba kwa nyumba, na vyombo vya kupimia alijitengenezea yeye mwenyewe. Ofisa mmoja wa jeshi aliona plani ile, akashangaa, akamwitia kazi katika masomo makubwa ya maenjinia wa jeshi kule Mézières.

Hapo njo alikutana na ukuta. Masomo ya Mézières yalikuwa ya watoto wa ukoo mkubwa. Mtoto wa mchuuzi hakuweza kuwa ofisa, hata akiwa na akili namna gani. Wakamweka upande wa pili, katika atelie ya kuchora na kutengeneza mifano ya plasta ya kuta za ngome. Wenye kusoma walikaa juu, yeye alikaa chini na mikono myeupe ya plasta. Sisi wenye tunajua tofauti kati ya mlango wa wakubwa na mlango wa wafanyakazi hatuna lazima ya kuelezwa zaidi.

Siku moja wakampa hesabu ya ngome. Ilikuwa lazima kujua ukuta upandishwe mpaka wapi, kusudi askari wa ndani wasionekane na adui mwenye kusimama juu ya vilima vya karibu, wala wasipigwe na mizinga yake. Wakati ule hesabu hiyo ilikuwa ndefu sana, namba juu ya namba. Monge akaacha namba, akafanya kazi kwa mistari. Akaleta jibu haraka, na mkubwa wake akakataa hata kuliangalia, juu aliona kama kazi hii haiwezi kumalizika kwa muda mfupi vile. Monge akasimama juu ya neno lake mpaka wakakubali kupima. Jibu lilikuwa sawasawa.

Namna yenye alitumia njo ile tunaita leo jeometri ya kuchora, kwa Kifaransa géométrie descriptive. Tueleze kidogo. Kamata kitu chochote, tuseme mwamba wa shaba wenye kulala mshazari ndani ya mlima. Kichore mara mbili: mara moja sawa vile ndege angekiona toka juu, mara ya pili sawa vile mtu angekiona akisimama mbele yake. Kisha funga michoro miwili pamoja kwa mstari mmoja katikati, sawa kitabu chenye kufunguliwa. Katika karatasi ile unaweza kupima urefu wa kweli, na kujua shimo lenye kuchimbwa toka juu litakutana na mwamba wapi. Enjinia wa leo mwenye kuchora galeri, hata akitumia mashini ya kisasa, anafuata njia hiyo.

Lakini wakubwa wa jeshi walifanya nini na akili hii? Waliifunga. Wakasema ni siri ya vita, na Monge akakatazwa kuifundisha inje kwa miaka mingi. Hata hivyo walimpandisha: mwaka 1769 akawa mwalimu wa hesabu pale Mézières, na kisha wakamwongezea fizikia. Mwaka 1780 aliingia katika Académie des sciences ya Paris.

Sasa tufike kwenye udongo. Mwaka 1776 Monge aliwasomea wenzake wa Académie kazi moja juu ya déblais na remblais, ni kusema udongo wenye kutoshwa na mahali pa kujazwa. Aliiandika tena, na ikatoka katika kitabu cha Académie cha mwaka 1781. Aliweka sheria nyepesi: bei ya kubeba kipande cha udongo inafuata uzito wake na urefu wa njia. Basi, kama kuko malundo mengi na mashimo mengi, kila kipande kiende wapi ili jumla ya bei iwe ndogo kupita zote?

Tuchukue mfano wetu sisi. Kuko malundo mawili, mbali mita 30 moja na lingine. Mbele ya kila lundo, mita 40, kuko shimo. Mkubwa wa kazi, bila kufikiri, anatuma udongo wa lundo la kwanza katika shimo la pili, na wa lundo la pili katika shimo la kwanza. Njia zinakatana katikati. Kila mmoja anatembea mita 50, jumla 100. Sasa geuza: kila lundo liende katika shimo lenye liko mbele yake. Mita 40 na 40, jumla 80. Monge aliona kama jambo hili ni la daima: katika kazi yenye kupangwa vizuri, njia mbili za kubeba hazikatane. Zikikatana, badilisha mashimo, utapata fupi zaidi. Kwa malundo mawili mtoto anaweza kuona. Kwa maelfu ya vipande, hesabu inakuwa ngumu sana, na hata Monge hakuimaliza yote.

Mwaka 1777 alimwoa Catherine Huart, mjane mwenye bwana wake wa kwanza alikuwa na kiwanda cha chuma. Kwa njia hiyo Monge aliingia katika kazi ya moto na tanuru. Mwaka 1786, pamoja na Vandermonde na Berthollet, alitoa maelezo juu ya chuma: tofauti kati ya chuma laini, chuma cha pua na chuma cha kumiminwa inatoka hasa katika kaboni, ile ya makala, yenye imeingia ndani yake.

Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza mwaka 1789, Monge aliyashika kwa moyo wote. Kwa mtu mwenye alifungiwa mlango juu ya kuzaliwa kwake, haishangazi. Toka Agosti 1792 mpaka Aprili 1793 alikuwa waziri wa jeshi la baharini, na ni katika miezi ile mfalme Louis XVI alihukumiwa na kuuawa. Kisha adui walizunguka Ufaransa pande zote, na silaha zilipungua. Monge na wenzake wakashika kazi ya viwanda. Kengele za makanisa ziliyeyushwa ili kupata shaba ya mizinga. Chumvi ya baruti ilikwanguliwa katika udongo wa nyumba za chini. Hapo alifanya jambo lenye sisi tunapenda: yeye na wenzake wawili waliandikia wafanyakazi wa chuma wenyewe maelezo ya kutengeneza chuma cha pua, na yeye akaandika kitabu cha namna ya kutengeneza mizinga. Sayansi iliacha kuwa siri ya wakubwa, ikashuka mpaka kwa mwenye kushika nyundo.

Katika mwaka 1794 alikuwa kati ya wenye walianzisha masomo yenye yanaitwa École polytechnique. Mtu aliingia kwa ekizameni, haikukuwa kwa jina la ukoo, na mwanzoni wanafunzi walipewa hata mshahara. Mwaka 1795 alifundisha jeometri yake mbele ya watu wote katika École normale, na mwaka 1799 ikatoka kama kitabu. Siri ya Mézières ilikuwa imeisha.

Hatutaki kumfanya mtakatifu. Mwaka 1796 alienda Italia pamoja na kamati ya kuchagua picha na sanamu za wenyeji ili zipelekwe Paris, kwa nguvu ya jeshi. Pale njo alipata urafiki na jenerali Bonaparte. Mwaka 1798 alimfuata mpaka Misri, katika Afrika yetu, na akawa prezida wa Institut d'Égypte kule Kairo. Askari wenye kiu waliona maji mbele yao jangwani, wakikaribia maji yanapotea, na Monge akaeleza kama ni mwanga wenye kupindwa na hewa ya moto karibu na mchanga. Maelezo yalikuwa mazuri, lakini jeshi lilikuwa jeshi la kushika inchi ya wengine. Bonaparte alipokuwa mfalme mkubwa, alimpa Monge cheo cha comte mwaka 1808. Mwenye alikataliwa zamani juu hakuwa na ukoo, sasa alikubali kuitwa mtu wa ukoo.

Kisha Napoleon akaanguka mwaka 1815, na wafalme wa zamani wakarudi. Hawakumsahau Monge. Mwaka 1816 walimfukuza katika Académie, na École polytechnique ikafungwa kwa muda. Mzee alivunjika roho. Alikufa Paris tarehe 28 Julai 1818. Wanafunzi waliomba kumsindikiza kaburini, serikali ikakataa. Waliheshimu amri, lakini siku walipopata ruhusa ya kutoka, walienda wote pamoja kwenye makaburi ya Père-Lachaise, wakaweka taji la majani juu ya kaburi la mwalimu wao. Mwaka 1989 mifupa yake ilihamishwa Panthéon, mahali Ufaransa inaweka wakubwa wake.

Na hesabu ya udongo? Ililala zaidi ya miaka 150. Mwaka 1942 Mrusi mmoja, Leonid Kantorovich, alipata njia ya kuifungua, na baadaye akatambua kama alikuwa ameshika hesabu ya Monge. Mwaka 1975 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa ajili ya kazi juu ya namna ya kugawa vitu vizuri. Leo hesabu za jamaa hiyo zinatumika popote vitu vinatoka depo na kwenda kwa watu: mafuta, unga, vyuma, na hata chanjo za watoto. Chanjo nyingi zinapaswa kubaki kati ya digri 2 na 8 njia yote, toka depo kubwa mpaka kisanduku cha barafu cha muuguzi. Njia ikiwa ndefu bure, barafu inayeyuka, dawa inaharibika, na mama mwenye alileta mtoto wa miezi 9 kwa chanjo ya surua anarudi nyumbani bila kitu. Mita zenye Monge alihesabu juu ya udongo zinahesabiwa sasa juu ya maisha ya mtoto.

Sisi wa sendika tunaona mambo mawili katika maisha haya. La kwanza ni siri. Plani yenye kufungiwa kwenye biro ya wakubwa haisaidie mtu wa chini wakati galeri inaanza kulia. Tunaomba plani za kazi zionyeshwe kwa wafanyakazi na zielezwe, na watoto wetu, wavulana na wasichana, wafundishwe kuchora na kupima. Anayeweza kusoma plani anaweza kuuliza.

La pili ni hesabu yenyewe. Monge aliandika uzito na urefu wa njia. Hakuandika mgongo wa mwenye kubeba. Mkubwa wa kazi akipanga njia vizuri na mita 100 zikawa 80, tunafurahi, hatupingi akili. Lakini zile mita 20 zenye zimebaki ni za nani? Zikiwa zote ni gunia lingine la kuongeza kabla jua halijashuka, mchimbaji hajapata kitu. Zikiwa saa ya kupumzika, au feza kidogo mwisho wa mwezi, au mafuta ya kupeleka kisanduku cha chanjo mpaka kambi ya mbali, basi hesabu imemfikia naye. Swali hilo Monge hakulijibu. Tutaliweka sisi juu ya meza siku ya mazungumzo, na wenye kwenda kuongea kwa jina letu waende na namba mkononi.