Orton Chirwa

Orton Edgar Ching'oli Chirwa (30 Januari 1919 – 20 Oktoba 1992) alikuwa mwanasheria na mwanasiasa wa Malawi, nchi inayopakana na Tanzania kwenye mto Songwe. Aliwahi kuwa waziri wa sheria, akaishi Tanzania kama mkimbizi, akafia gerezani nchini kwake.

Siasa

Alisoma Fort Hare, Afrika Kusini, na mwaka 1958 akawa wakili wa kwanza Mwafrika kutoka Nyasaland, kama Malawi ilivyoitwa wakati huo. Tarehe 3 Machi 1959 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Watu zaidi ya 1,300 waliwekwa kizuizini bila kushtakiwa, wakiwemo Chirwa na Hastings Banda. Tume ya Jaji Devlin, iliyotumwa na Uingereza yenyewe, iliona kwamba koloni lile lilikuwa likitawaliwa kipolisi. Chirwa aliachiwa mapema akaanzisha chama cha Malawi Congress Party, kisha akamwachia Banda uongozi alipotoka kifungoni mwaka 1960.

Miezi miwili tu baada ya uhuru wa Julai 1964, Banda alimfukuza uwaziri pamoja na wenzake waliompinga. Chirwa alikimbilia Tanzania.

Nguvu za dola

Huko nyuma Banda alirudisha silaha zilezile za wakoloni, na kuziongeza. Kanuni za usalama za mwaka 1965 ziliruhusu kumfunga mtu bila kesi na bila kikomo. Vijana wa Young Pioneers walipewa uwezo wa kukamata watu, na polisi hawakuweza kumkamata kijana wa kundi hilo bila idhini ya mkuu wake. Kuanzia mwaka 1969 mahakama za jadi zilikabidhiwa kesi za mauaji. Mshtakiwa hakuruhusiwa wakili. (Mwaka 1968 Banda alidai hata ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini ya Songwe, ambako leo ipo Ileje.)

Kukamatwa na kifo

Mwaka 1977 Chirwa alianzisha chama cha upinzani uhamishoni, MAFREMO. Mkesha wa Krismasi 1981 alikamatwa pamoja na mkewe Vera, mwanasheria wa kwanza mwanamke wa Malawi, na mwana wao Fumbani. Serikali ilidai waliingia Malawi wenyewe. Wao walisema walitekwa wakiwa Zambia.

Mwaka 1983 mahakama ya jadi iliwahukumu Orton na Vera kifo kwa uhaini. Wakili bingwa alilazimika kujitetea mwenyewe. Kufuatia malalamiko ya kimataifa, adhabu ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha mwaka 1984. Fumbani aliachiwa mwaka huohuo bila kushtakiwa.

Mume na mke walifungwa gereza moja la Zomba, lakini kwa miaka minane hawakuonana. Walikutanishwa Septemba 1992, wanasheria kutoka Uingereza walipowatembelea. Wiki chache baadaye Orton alikufa akiwa na umri wa miaka 73. Vera hakuruhusiwa kwenda kumzika mumewe. Aliachiwa huru tarehe 24 Januari 1993.