Lumumba: karani wa posta ambaye sura yake iliwekwa kwenye stempu

Kabla ya siasa, Patrice Lumumba alikuwa mtu wa posta. Alizaliwa Onalua, Sankuru, tarehe 2 Julai 1925. Baada ya mafunzo ya posta mjini Léopoldville, leo Kinshasa, alikuwa karani Stanleyville, sasa Kisangani.

Mwaka 1956 alikamatwa kwa tuhuma za kuchukua fedha za posta, akahukumiwa na kufungwa. Alipoachiliwa 1957 alihamia Léopoldville, akafanya kazi ya kuuza bia. Oktoba 1958 alishiriki kuanzisha chama cha MNC, na Juni 1960 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo huru. Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, akiwa na miaka 35. Mwili wake uliharibiwa ili asiwe na kaburi.

Mwaka huohuo Umoja wa Kisovieti ulitoa stempu yenye sura yake. Ghana ilifuata 1962. Mkusanyaji wa Goma akiipata mojawapo leo, atazame jina la nchi, bei na muhuri wa posta, atajua ilikotoka.

Jino lake, lililobaki Ubelgiji, lilirudishwa na kuzikwa Kinshasa Juni 2022.