ABU NUWAS: USTADI WA SHAIRI NA DOA LA MSHAIRI

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo.

Wapenzi wasomaji, huku kwetu Kasulu na Kibondo ni nadra kumpata mtoto aliyepita shule asiyemjua Abunuwasi, yule mjanja aliyerudisha sufuria ya kuazima pamoja na kisufuria, akidai kuwa imezaa. Wachache wanajua kuwa jina hilo ni la mtu wa kweli, tena mmoja wa washairi wakubwa wa lugha ya Kiarabu.

Jina lake ni al-Hasan bin Hani. Alizaliwa Ahwaz, nchi ya Uajemi, katikati ya karne ya 8 Miladia. Alilelewa Basra, akasoma Qur'ani, lugha na Hadithi, na akajifunza ushairi kwa Waliba bin al-Hubab na Khalaf al-Ahmar. Kisha alihamia Baghdad, zama za Khalifa Harun ar-Rashid. Huko jina lake lilikua, na huko doa likaonekana: aliusifu mvinyo na machafu mengine bila ya haya, hata akatiwa gerezani. Baadaye akawa mwandani wa Khalifa al-Amin, aliyeuawa mwaka 813. Naye alifariki muda mfupi baadaye, akiwa ameacha pia mashairi ya toba na ya kuipa dunia kisogo.

Je, tumpime vipi mtu huyu? Wanachuoni wetu hawakuchanganya mizani. Imamu adh-Dhahabi alimkataa katika upokezi wa Hadithi kwa sababu ya ufasiki wake. Hilo ni sawa, kwani Hadithi hubebwa na uaminifu wa mpokezi. Akianguka yeye, imeanguka. Ama shairi husimama kwa miguu yake: mizani, maana na ufasaha wake vimo ndani yake. Ndiyo maana al-Jahiz aliusifu ujuzi wake wa lugha, na Abu Amr ash-Shaybani anapokewa kuwa alisema kilichomzuia kuyatumia mashairi yake kuwa hoja ya lugha ni uchafu uliomo, wala si udhaifu wa ufundi.

Tena, shairi si ungamo. Sayyidna Umar (R.A.) alipofikiwa na beti za mvinyo za an-Nu'man bin Adiy, liwali wake wa Maysan, naye akakana kuwa aliunywa, hakumpiga mijeledi, lakini alimuuzulu. Hakumhukumu mtu kwa beti tupu, wala hakuyaona maneno kuwa hayana uzito.

Ndugu zangu, tunayasema haya kwa sababu vijana wetu wanateleza pande mbili. Wapo wanaoipenda sauti ya msanii, kisha wakauiga na ulevi wake, kana kwamba ustadi ni cheti cha tabia njema. Na wapo wanaochukizwa na mwenendo wake, kisha wakadai kuwa hata sanaa yake haina thamani. Wa kwanza anaipoteza dini yake. Wa pili anaupoteza uadilifu, maana anasema asilolijua kuwa kweli.

Kazi njema tuiite njema, na dhambi tuiite dhambi. Hisabu ya Abu Nuwas iko kwa Mola wake, aliye Mwingi wa kupokea toba.

Wabillahi tawfiq.