Owen wa Kavirondo na wajane wa kariakoo

Sisi wa Pwani tukisikia Kariakoo, akili hukimbilia sokoni Dar es Salaam. Nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka miaka ya tisini, kazi iliponipeleka Kisumu nikapanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima, Mjaluo. Akanieleza kwamba babu yake alikwenda kariakoo asirudi. Nikadhani ni biashara. Kumbe alikuwa akisema Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918 na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, ambacho ndimi zetu zilikigeuza kuwa kariakoo.

Nyanza ilitoa wapagazi wengi kuliko mkoa mwingine wowote wa Kenya. Wapagazi wa Afrika Mashariki waliokufa upande wa Waingereza ni zaidi ya 40,000, na wengi waliuawa na kuhara, malaria na njaa, si risasi. Nyumbani walibaki wake, watoto na wazee. Kodi ilihesabiwa kwa nyumba, na nyumba ya mjane ni nyumba. Mishahara ya marehemu wengi haikuwafikia jamaa zao kamwe. Nani angekwenda bomani kuwasemea?

Mwaka 1918 alifika Walter Edwin Owen, kasisi wa Kianglikana aliyekwisha kukaa Uganda miaka mingi, akawa kasisi mkuu wa Kavirondo, kama nchi ile ilivyoitwa. Kazi yake ilikuwa makanisa na shule. Kupigania walipa kodi hakuna aliyemtuma.

Na tusimpe sifa zisizo zake: wenyeji walikuwa wamekwisha kusimama wenyewe. Tarehe 23 Disemba 1921, walimu waliosomea Maseno, akiwamo Jonathan Okwiri, waliitisha mkutano Lundha, Gem, wakalalamikia kipande, kodi na kazi za lazima. Chama chao watu wakakiita Piny Owacho, yaani nchi imesema. Mwaka 1923 Owen akakabidhiwa uongozi, na chama kikawa Kavirondo Taxpayers Welfare Association.

Wako wanaosema alimwagia moto maji. Palipokuwa na mikutano ya hadhara pakaja barua, na wanachama wakahimizwa kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Nakubali nusu. Serikali ilipumua, hilo halina ubishi. Lakini barua zake ziliuma. Aliandika serikalini na katika magazeti ya Uingereza kwamba wanawake na watoto wanatolewa kwa nguvu kutengeneza barabara, na huko Uingereza zikasomwa. Walowezi walimchukia hata wakakichezea cheo chake cha Kiingereza, wakakigeuza kuwa jina la shetani mkuu. Naye, akipata wasaa, alikuwa akichimbua mawe na mifupa ya kale kandokando ya ziwa!

Alifariki Limuru mwaka 1945, vita vya pili vikiwa vimetoka kwisha na vijana wa King's African Rifles wakirejea, wale waliojaliwa kurejea.

Yule mama mwenye nyumba naye ametangulia. Siku moja nilimuuliza kama ukoo wao ulipata chochote cha yule babu. Akacheka, akamwita mwanawe wa kwanza aje anisalimie. Jina lake ndilo la babu. Karatasi hawana, wala kaburi hawalijui.