Paul Klee, mwalimu aliyekuwa na kazi mbili

Katika masomo yetu tunajifunza majina ya wafalme, majemadari na wavumbuzi wa Ulaya, lakini majina ya wachoraji tunayasikia mara chache tu. Leo tunawapa habari za Paul Klee, aliyefundisha wachoraji wengine kuanzia 1921 mpaka 1933, na muda ule wote hakuacha kuchora picha zake mwenyewe. Shida yake walimu wetu wanaijua vizuri: siku ni moja, na kazi mbili zinaigombania.

Klee alizaliwa tarehe 18 Desemba 1879 huko Münchenbuchsee, karibu na mji wa Bern, katika Uswisi. Baba yake, mwalimu wa muziki, alikuwa Mjerumani. Kwa hiyo mtoto naye aliandikwa Mjerumani, hata kama alizaliwa na kukomaa Uswisi. Jambo hilo msilisahau. Tangu utoto alipiga violoni vizuri sana, na wengi walidhani atakuwa mtu wa muziki. Lakini mwaka 1898 akaenda Munich, Ujerumani, kujifunza kuchora.

Mwaka 1906 akamwoa Lily Stumpf, mpiga piano. Hapa wavulana wasikilize. Picha za Klee hazikuleta feza, basi bibi yake ndiye aliyelisha nyumba kwa kufundisha watu piano. Bwana alibaki nyumbani, akapika, akamlea mtoto wao Felix aliyezaliwa 1907, na kuchora alichora mule mule jikoni. Kwetu watu wangemcheka. Yeye alipenda kupika mpaka uzee wake.

Katika Aprili 1914 alisafiri Tunisia na wenzake wawili, August Macke na Louis Moilliet. Walikaa kama majuma mawili tu. Mbele ya safari hiyo Klee alikuwa zaidi mtu wa kalamu na wino. Mwanga wa Tunis na Kairouan ndio uliomfungulia mlango wa rangi. Nyuma ya miezi michache vita vikaanza, na Macke akafa vitani mwaka ule ule. Klee mwenyewe aliitwa jeshini 1916. Bahati yake, hakupelekwa penye mapigano. Alipewa kazi ya kupaka rangi ndege za vita.

Mwaka 1920 Walter Gropius alimwita aje kufundisha katika Bauhaus, masomo mapya ya ufundi na sanaa katika mji wa Weimar. Alianza kazi Januari 1921, akiwa na umri wa miaka 41. Kwa mara ya kwanza alikuwa na mshahara wa kila mwezi na chumba kikubwa cha kuchoria. Lakini sasa ilimpasa kusimama mbele ya vijana na kuwaeleza kitu ambacho mkono wake ulikuwa unafanya bila kuulizwa. Namna gani mtu anamfundisha mwingine kuchora? Kumwambia tu afuate mkono wa mwalimu, hapo utapata wanafunzi wanaoiga, basi.

Klee alifanya hivi: kila somo aliliandika kwanza katika daftari, pamoja na michoro yake. Alionyesha namna nukta ikianza kutembea inazaa mstari, na mstari ukisogea unazaa eneo. Alieleza uzito na usawa wa vitu, mishipa ya majani, mwendo wa maji, na namna rangi zinavyoingiliana. Kisha aliwapa wanafunzi kazi ya kufanya, na baadaye wakaitazama pamoja. Ubaoni aliweza kuchora kwa mikono miwili. Kwa kawaida aliandika kwa mkono wa kuume na kuchora kwa wa kushoto. Karatasi zake za masomo zilizobaki zinakaribia kurasa 4000. Kumbe katika kutafuta maneno ya kuwaambia vijana, alikuwa anajieleza mwenyewe kazi yake.

Siyo kwamba mambo yote yalikuwa mazuri. Wanafunzi wengine walimwona mtu wa mbali, asiyesema sana. Mara nyingine alikawia likizoni kwa sababu ya picha zake, na wenzake hawakufurahi. Bauhaus ilipohamia Dessau 1925, masomo na mikutano ikaongezeka. Pale alikaa katika nyumba moja ya sehemu mbili na mchoraji Kandinsky, na katika chumba chake cha kuchoria alikuwa na picha nyingi pamoja, hii ikikauka anashika ile. Hata hivyo wanafunzi walimpenda. Alipotimiza miaka 50, Desemba 1929, walikodi ndege ikaangusha zawadi zake juu ya nyumba!

Mwishoni aliona kazi ya kufundisha inakula siku zake mno. Mwaka 1931 akaacha Bauhaus, akakubali kazi katika akademia ya Düsseldorf, ambako wanafunzi wake walikuwa wachache. Kwa maoni yetu alifanya vema: picha yake kubwa Ad Parnassum, iliyojaa nukta ndogo ndogo za rangi, ni ya mwaka 1932. Lakini raha hiyo haikudumu. Hitler aliposhika serikali 1933, nyumba ya Klee ilipekuliwa, wakamsingizia mengi, na katika Aprili akaondolewa kazini. Desemba akarudi Bern na bibi yake.

Mwaka 1935 akashikwa na ugonjwa mbaya unaokaza ngozi na kuzuia hata kumeza chakula. Tangu 1911 Klee alikuwa anaandika kila kazi yake katika orodha na namba yake, kwa hiyo tunaweza kuhesabu. Mwaka 1936 namba ni 25 tu. Mwaka 1937 watawala wa Ujerumani walionyesha picha zake 17 huko Munich ili watu wazicheke. Na 1939, mgonjwa, bila masomo, bila wanafunzi, namba zinapita 1200. Mistari ya picha hizo ni minene na mizito, kama ya mtu anayejua saa yake.

Aliomba uraia wa Uswisi, nchi aliyozaliwa. Maafisa walichukua muda mrefu kuchunguza. Klee akafa huko Muralto, karibu na Locarno, tarehe 29 Juni 1940, mbele ya kupata jibu. Karatasi zile za masomo yake zimehifadhiwa Bern, katika nyumba yenye jina lake iliyofunguliwa 2005.