Karl Landsteiner na Makundi ya Damu

Zamani mgonjwa aliyepotewa na damu nyingi wakati wa kupasuliwa alikabiliwa na hatari mbili. Asipoongezewa damu, huenda akafa. Akitiwa damu ya mtu mwingine, huenda pia akafa, tena upesi zaidi. Kuanzia mwaka 1818 daktari mmoja Mwingereza, James Blundell, aliwatia wagonjwa damu ya binadamu wenzao. Wengine walipona, wengine wakafa, wala hakuna aliyejua sababu.

Mtu aliyelifumbua fumbo hilo, Karl Landsteiner, alizaliwa nchini Austria tarehe 14 Juni 1868. Baba yake, aliyekuwa mwandishi wa magazeti, alifariki Karl akiwa na umri wa miaka sita tu, naye akalelewa na mama yake. Alihitimu masomo ya udaktari mjini Vienna mwaka 1891. Lakini hakuridhika na kutibu tu. Akaongeza elimu ya kemia, kisha kwa miaka kumi hivi akafanya kazi ya kuchunguza maiti ili kujua chanzo cha vifo.

Mwaka 1900 aliona kwamba damu za watu wawili zikichanganywa, huenda chembe zake zikashikamana. Baadhi ya wataalamu walidhani hiyo ni dalili ya ugonjwa. Landsteiner hakukubali kwa kudhani. Alichukua damu yake mwenyewe na ya wenzake watano wa maabara, wote wakiwa wazima. Alitenganisha chembe nyekundu na maji ya damu yenye rangi ya manjano, kisha akachanganya chembe za huyu na maji ya yule, mpaka akamaliza wote. Katika neli nyingine mchanganyiko ulibaki laini. Katika nyingine chembe zilishikamana zikawa mabonge madogo. Basi tofauti ilikuwa katika damu yenyewe, si katika ugonjwa.

Mwaka 1901 alitangaza makundi matatu: A, B, na lile tuliitalo leo O. Mwaka uliofuata wenzake waligundua la nne, AB. Mtu wa kundi A akitiwa damu ya kundi B, maji ya damu yake huzishambulia chembe ngeni na kuzipasua. Mgonjwa hushikwa na homa na kutetemeka, figo zake huweza kushindwa kufanya kazi, na pengine hufa.

Kundi la damu hatulichagui wala halitokani na chakula. Mwaka 1910 Emil von Dungern na Ludwik Hirszfeld walithibitisha kwamba hurithiwa kutoka kwa baba na mama. Hata hivyo, mtoto aweza kutofautiana na wazazi wake wote wawili. Baba wa kundi A na mama wa kundi B, ikiwa kila mmoja amebeba urithi wa O uliojificha, waweza kumzaa mtoto wa kundi O. Mtoto huyo akihitaji damu hospitalini, damu ya mama yake mzazi yaweza kumuua! Ndiyo maana damu hupimwa kwanza, hata kama mtoaji ni ndugu.

Ugunduzi huo haukupokewa haraka. Mwaka 1907 ndipo Reuben Ottenberg, mjini New York, alipoanza kulinganisha damu kabla ya kumtia mgonjwa. Landsteiner mwenyewe aliondoka Vienna mwaka 1919, wakati wa dhiki iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza. Alikwenda Uholanzi, halafu Marekani. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930, lakini hakupumzika: mwaka 1940 yeye na Alexander Wiener walitangaza tofauti nyingine ya kurithiwa iliyomo katika damu, iitwayo Rh.

Mnamo Juni 1943 alishikwa na ugonjwa wa moyo akiwa kazini maabarani. Alifariki tarehe 26, akiwa na umri wa miaka 75.